Kiti cha Mninga na Mtu wa Pangoni

Mimi nauza maturubai na kamba. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia mzee kama mimi alikaa sakafuni, Kariakoo, mchana kweupe, anacheza gemu ya watoto, wanadhani hana kazi au uzee umemwingia kichwani. Haujaniingia. Duka ni langu, stoo ya nyuma ni yangu, na shule niliishia darasa la tatu, tena hilo la tatu lenyewe nililimalizia porini nikirina asali na wajomba. Anayetaka kunicheka, anicheke akiwa anayajua hayo.

Gemu ilitoka stoo. Binti yangu, ambaye ndiye anayeendesha duka siku hizi huku mimi nikipokea sifa, aliamua kufagia kule nyuma ambako hata panya walikuwa wameshahama. Akatoka na katoni lililoliwa pembeni.

"Baba, na hizi ni nini tena?"

Zilikuwa gemu za zamani, zile za kuchomeka kwenye televisheni, zilizotamba hapa mjini miaka ya tisini. Nilizichukua kwa jamaa mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa anafunga biashara. Nilidhani zitatoka haraka. Lakini niambie, nani anakuja kununua turubai la kufunikia lori la kwenda Kigoma, halafu anaondoka na gemu kwapani? Zikabaki. Nikapanga mizigo juu yake, nikazisahau.

Binti alitaka kuzitupa. Mimi situpi kitu kabla sijajua kama ni kibovu. Nikamwambia ashushe ile TV ya chogo iliyokuwa imekaa juu ya kabati tangu tuliponunua bapa. Tukachomeka nyaya, tukachomeka kanda moja ya gemu, tukawasha. Chenga tupu. Akaichomoa kanda, akaipuliza kule chini kama mtu anayepiga kinanda cha mdomo, akairudisha. Chenga zikaondoka, akatokea mtu.

Na mtu mwenyewe! Kichwa kikubwa kina upara unaong'aa, tumbo liko mbele, kajifunga ngozi begani, rungu mkononi. Mtu wa zama zile za kukaa mapangoni. Anakwenda upande mmoja tu, mbele. Anaruka mashimo, anapanda mawe, anatwanga mijusi mikubwa kama ng'ombe. Mjusi akishatwangwa anageuka paja la nyama. Jamaa anaokota, anakula, anaendelea na safari. Hakuna maneno ya kusoma, hakuna hotuba. Nilimpenda palepale. Hana cheti, hana ndugu wa kumpokea, ana njaa na mikono miwili. Mimi niliingia mji huu hivyohivyo, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na rungu, mimi nilikuwa na mkokoteni wa kukodi.

Tatizo lilikuwa waya. Ule waya unaotoka kwenye mashine kuja kwenye pedi, ile ya kushika mkononi, ulikuwa mfupi kama subira ya mwenye nyumba. Ukikaa kwenye kiti haufiki. Lazima ushuke chini, ukunje miguu kwenye mkeka, pua karibu iguse kioo. Nikashuka. Siku ya kwanza binti alicheka. Siku ya pili wateja walicheka. Siku ya tatu nilikuwa nimeshavuka mto wenye mamba na sikusikia nani anacheka.

Na huku nje, barazani, kiti changu kilikuwa kitupu.

Hapo inabidi nikieleze kiti hicho, maana bila hivyo utaona nilihangaika bure. Ni cha mninga. Mbao ilitoka kwetu Tabora, fundi alikuwa wa Keko, na nilimsimamia mpaka akaniomba niende nikanywe chai. Nilikitengeneza mwaka nilioacha mkokoteni. Mtu ambaye hajawahi kuwa mchukuzi wa Kariakoo hajui kwamba mchukuzi hakai. Akikaa kwenye ngazi za duka, anafukuzwa. Akikaa juu ya gunia, gunia lina mwenyewe. Akikaa kwenye mkokoteni wake, tajiri anamuuliza kama amekuja mjini kupumzika. Nilisukuma mizigo kutoka huku mpaka Posta, mpaka Feri, mpaka geti la bandari, miaka na miaka, na wakati wote huo sikuwa na mahali pa kuweka makalio nikaambiwa karibu. Kwa hiyo nilipopata duka, kabla sijanunua shubaka, nilitengeneza kiti. Nikakiweka barazani mbele ya mlango. Nikakaa. Siku hiyo sikuuza hata futi moja ya kamba, nilikuwa nimekaa tu.

Sasa aliyekiona kiti kitupu ni mtani wangu.

Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Wazee wao na wazee wetu walianza kutaniana tangu enzi za misafara, sisi tumerithi tu. Duka lake limepakana na langu, anauza udi, ubani na kofia za kushona kwa mkono. Kazaliwa mtaa huuhuu, na mzigo mzito aliowahi kubeba maishani ni kibaraghashia chake mwenyewe. Yeye ananiita mpagazi wangu. Mimi namwita mtumwa wangu. Mama yake alipofariki, nilijilaza mbele ya jeneza nikagoma lisipite mpaka nipewe kuku jike mwenye mayai, na yeye, macho yamevimba kwa kulia, akacheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo kazi ya mtani.

Utani una sheria zake. Mtani akikuta kitu chako kimezubaa, anaweza kukiteka. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakusimulia mpaka kiama. Huruhusiwi kukinyang'anya kwa nguvu wala kwenda kushtaki kwa mtu. Unakikomboa kwa sharti atakalotoa yeye, basi.

Siku hiyo ya tatu nilinyanyuka kwenye mkeka, magoti yanalia kama bawaba, nikatoka nje nikanyooshe mgongo. Barazani hakuna kiti. Nikatazama kushoto. Mtani kakaa juu yake mbele ya duka lake, kakunja nne, anapepea ubani.

"Mtani," nikasema, sauti nimeilegeza. "Hicho unachokalia ni cha nani?"

"Nimekiokota."

"Umekiokota wapi?"

"Kilikuwa kinazagaa barabarani. Nimeuliza mwenyewe yuko wapi, nikaambiwa yuko ndani sakafuni, amerudi pangoni kwa babu zake." Akageuka kwa muuza kahawa wetu, ambaye huweka birika lake katikati ya maduka yetu mawili. "Umemwona yule kwenye TV? Upara ule, tumbo lile, kashika rungu, anatembea mbele tu hajui anakokwenda! Huyo ni Mnyamwezi yuko njiani anakuja Pwani! Sema mzigo wa kichwani wameusahau kuchora."

Muuza kahawa alicheka mpaka vikombe vikagongana. Mimi nilicheka pia. Kwa mdomo. Moyoni nilikuwa natafuta kitu cha kumrushia.

"Haya, toa sharti," nikamwambia.

Nilitegemea aseme pilau, au nimbebe mgongoni mpaka kituo cha basi, vitu vya kawaida. Akafikiri. Akasugua mkono wa kiti changu kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepima kitambaa.

"Umekiacha kwa ajili ya mtu wa pangoni. Basi mtu wa pangoni akukomboe. Jumapili utaitoa hiyo TV hapa barazani, utacheza mbele ya watu mpaka mwisho wa gemu. Ukimaliza, chukua kiti chako. Ukishindwa, kiti changu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka msibani kwako. Nitakuja nacho makaburini, nikikalie palepale nikudai kuku wangu."

Watu walicheka tena. Sharti limeshatoka, halirudi. Na mimi nikaingia ndani, nikasimama dukani kwangu, na sikuwa na pa kukaa. Kuna viti vya plastiki, ndiyo. Nilikitazama kimoja, nikaendelea kusimama.

Jumapili ilikuwa mbali kidogo, nikafanya mazoezi. Binti alinisaidia kwa kunikatisha tamaa.

"Baba, kwenye barafu usikimbie. Anateleza."

"Mimi nimesukuma nondo kwenye matope ya Jangwani."

"Haya. Kimbia."

Nikakimbia, jamaa akateleza akazama. Kwenye gemu hiyo unapewa roho tatu. Zikiisha, unarudishwa mwanzo kabisa, msituni, kana kwamba hujawahi kuvuka hata dimbwi. Nikajifunza. Kwenye barafu unakwenda kama mtu aliyebeba mayai. Kwenye mashimo ya moto unasubiri shimo lipumue kwanza, ndipo uruke. Ndege mwenye meno usimpige usoni, mwache apite, mtwange kisogoni. Mwisho wa yote kuna mjusi mmoja mkubwa kuliko kontena, anatema mawe. Huyo nilimfikia mara moja tu, akanikanyaga kabla sijamsalimia.

Jumapili Kariakoo hupumua kidogo. Spika za matangazo zinapungua, maduka mengi yanafunguliwa nusu mlango, mtu anaweza kutembea bila kusukumwa. Tuliweka TV juu ya maboksi barazani, mkeka chini, waya tukauvuta kutoka ndani. Wenye maduka wa mstari wetu wakaja, vijana wanaouza soksi wakasogea na meza zao. Muuza kahawa akateuliwa kuwa mwamuzi, kwa kuwa yeye hana duka wala kabila linalotutania, na pia kwa kuwa ndiye mwenye kahawa.

Mtani akaleta kiti. Akakiweka nyuma yangu kabisa, magoti yake yanakaribia masikio yangu, akakikalia.

"Mdomo ruhusa," mwamuzi akatangaza, "mkono marufuku. Haya, Bismillahi."

Nikaanza. Msituni nilipita kama naenda dukani kununua sukari. Mtani nyuma hakufunga mdomo.

"Jamani huyo anaokota nyama chini anakula bila kunawa! Mpagazi wangu, hata hii nayo ni mila ya kwenu?"

"Sisi tulikuwa tunakula nyama," nikamjibu, macho kwenye kioo. "Nyinyi mlikuwa mnasubiri tufike na mizigo ndipo mcheze ngoma."

"Ngoma tulikuwa tunawachezea ili msitukimbie na mizigo! Ruka! Aaa, umechelewa, umechelewa... kaokoka, mshenzi."

"Mzee anaupiga mwingi!" kijana mmoja wa soksi akapiga kelele.

Kwenye mto nilipoteza roho moja, kwa sababu mtani alikohoa kikohozi cha makusudi ambacho hata daktari wa ng'ombe angekitilia shaka. Mwamuzi akasema kikohozi ni mdomo, kinaruhusiwa. Nikaendelea. Barafu nikaipita polepole, watu wamenyamaza, mtani anapiga chafya, sikutetereka. Mashimo ya moto nikayapita. Ndege nikamtwanga kisogoni. Jasho lilikuwa linanichuruzika mgongoni kama nilipokuwa nasukuma saruji kupandisha mtaa wa Lumumba. Yule mjusi mkubwa kuliko kontena akatokea. Nina roho mbili. Nikamwona mtani kwenye kioo cha TV, kivuli chake, ameinama mbele.

Ndipo adhana ya alasiri ikatoka.

"Simamisha," mwamuzi akasema.

Pedi ina kitufe cha kumsimamisha kila mtu pale alipo. Nikakibonyeza. Mjusi akaganda mdomo wazi, jamaa yangu akaganda hewani, rungu juu.

"Mtu asiiguse pedi," nikasema. "Mtani, tunakwenda wote."

"Sasa unanishuku? Msikitini?"

"Nakushuku mpaka peponi."

Binti nikamwacha alinde. Tukatawadha pamoja, tukasimama safu moja, bega kwa bega, nikahakikisha. Mungu anisamehe, sala ile nusu yake ilikuwa ya Mungu na nusu ya kumsikiliza mtani kama bado anapumua. Tukamaliza. Nikatoa salamu upande wa kulia, yupo, kavaa uso wa mcha Mungu. Nikatoa upande wa kushoto. Niliporudisha macho kulia, kibaraghashia kimeshafika mlangoni kwenye viatu.

Kukimbia siwezi. Magoti yangu nimeyatumia yote zamani. Nilitembea haraka, na njiani nilishapanga maneno yote nitakayomwambia, mengine siwezi kuyaandika hapa binti akayasoma. Nilijua kabisa nitakasirika. Nilijua nitashindwa kwa njia hiyo, na kiti kitakwenda.

Nikapinda kona. Nikamwona binti yangu kasimama mlangoni, kiganja mdomoni. Aliponiona akaweka kidole kwenye midomo: nyamaza. Vijana wa soksi nao wamenyamaza. Hata muuza kahawa, aliyekuwa amefika kutoka msikitini kabla yangu, kashika birika hewani kama yule jamaa wa kwenye TV.

Mtani wangu alikuwa kwenye mkeka.

Kakunja miguu, kanzu kaikusanya mapajani, pedi kaikumbatia, pua karibu iguse kioo, mwili wote unaruka na rungu. "Mpige! Mpige kichwani, mpumbavu wewe, mpige! Usirudi nyuma! Nani kakwambia urudi nyuma?" Binti alinieleza baadaye: mtani alikuja mbio, akakaa kitini, akasema anataka tu kuangalia kama mtu yule bado anapumua. Akainama kutoka kitini. Waya haukufika. Akavuta, haukufika. Akashuka mkekani, akabonyeza kimoja tu, cha kujaribu. Hapo alikuwa ameshapoteza roho moja, yuko kwenye ya mwisho, na kofia imemkaa upande hajui.

Na nyuma yake kiti changu kitupu, kinanitazama.

Nilivua viatu mbali, nikanyata barazani kwangu kama mwizi wa kuku, mimi mwenye duka. Nikakishika mikono. Nikakaa. Mninga ule una mlio wake mdogo unapokaliwa, nimeuzoea, nikaukalia polepole usilie. Muuza kahawa akanimiminia kikombe, akanipa na kipande cha kashata, bila hata tone kumwagika. Nikakunja nne. Nikanywa.

Mjusi akatema jiwe. Jamaa akaruka, akachelewa, akaanguka akiwa kapinduka miguu juu. Roho zimeisha. Msitu wa mwanzo ukarudi, ndege wanalia.

"Ah!" mtani akapiga paja. Halafu akakumbuka yuko wapi. Bila kugeuka akaanza: "Sasa mtani akija mwambieni umeme ulikatika. Mimi sijamgusa. Umeme ulikatika, ukarudi..."

"Umerudi saa ngapi?" nikamuuliza.

Aligeuka. Akanitazama miguuni, akapanda mpaka kwenye kikombe, akapanda mpaka usoni. Mshipa ulimtoka kwenye paji la uso. Nikauona, na kila mtu aliuona. Nikamngojea. Akikasirika tu, kwisha.

"Hujamaliza gemu," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Sijamaliza."

"Sharti lilikuwa umalize gemu."

"Mimi sikukomboa kiti, mtani. Nimekiokota. Kilikuwa kinazagaa, nikauliza mwenyewe yuko wapi, nikaambiwa yuko chini, amerudi pangoni."

Wote tukamgeukia mwamuzi. Muuza kahawa akaweka birika chini, akafuta mikono kwenye shati, akachukua muda wake wote, maana lini tena angepata nafasi kama hiyo.

"Kiti kiliachwa wazi mara ya kwanza, kikatekwa," akasema. "Kimeachwa wazi mara ya pili, kimetekwa. Na mkono ulikuwa marufuku. Mimi nimemaliza, nani anataka kahawa?"

Mshipa ule ukabaki pajini kidogo. Kisha mtani akaanza kutikisika mabega, kicheko kikamtoka kwanza puani, halafu kote, akajilaza chali mkekani na kanzu yake nyeupe, anapiga sakafu kwa kiganja. "Mpagazi! Mpagazi wa Tabora! Kaniibia kiti nikiwa nimekikalia!" Nami nikacheka, safari hii si kwa mdomo tu, mpaka kashata ikanipalia na binti akaja kunipiga mgongoni.

Aliponyamaza, hakuinuka. Aliweka kofia yake sawa, akavuta pedi karibu.

"Hebu nipulizie hiyo kanda," akasema. "Naona inaanza chenga."

Mjusi yule hatujamuua mpaka leo, mimi wala yeye. Tunapokezana baada ya alasiri, biashara ikipoa, na matusi ya utani yanaendelea kama kawaida. Binti ameshauza gemu nyingine zote za lile katoni kwa simu, kwa vijana wanaozitafuta kama dhahabu, lakini hii nimemkatalia.

Ila zamu yangu ikifika na ikabidi nishuke mkekani, kwanza nakifunga kiti. Kamba ni ya dukani kwangu, nailoni, ile ya kufungia mizigo ya malori. Mwisho mmoja kwenye mguu wa kiti, mwingine kwenye kifundo cha mguu wangu. Binti anasema nimefanana na mbuzi wa kafara. Afadhali mbuzi mwenye kiti. Kinachonikosesha raha ni kitu kimoja tu: juzi nilimwona mtani kwenye meza ya vijana wa soksi, kashika mkasi, anajaribu makali yake kwenye ukucha, na alipoona namtazama, akaniuliza afya yangu kwa heshima kubwa mno.